Karani wa Mizani

Miaka kumi na tisa nilisoma sindano
pale kituoni Wete,
sindano nyekundu ikitetemeka, ikitafuta pa kutulia
kati ya neno la mkulima na neno langu.
Nikitia mkono guniani hadi kiwikoni
hujua, kabla ya kipimo,
ipi kavu, ipi mpeta,
ipi imelazwa nje makusudi inywe umande.
Kisha ikaja mizani ya umeme, inasema namba yenyewe.
Ile ya zamani wakaiuza mnadani. Nikainunua.
Sijui kwa nini.

Sasa nina arobaini na nne, na daftari la mistari.
Ijumaa baada ya sala, Jumamosi kutwa,
tunakaa kwenye viti vya watoto, magoti kidevuni:
mimi, Bi Riziki mshoni,
Khatib aliyetengeneza mafriji Maskati,
na muuguzi mmoja ambaye kengele ikilia
husimama kabla hajakumbuka yuko wapi.
Wanatuita watu wa njia ya pili.
Ya kwanza ni ya waliotoka dawatini
wakaenda ubaoni bila kupotea.

Kaka yangu kanicheka:
“Samaki hukunjwa angali mbichi.”
Nikamwambia, mimi karafuu, bwana,
bei yangu huja baada ya jamvi na jua.
Akanyamaza. Nami usiku
nikajiuliza kama nimesema kweli.

Mkufunzi wetu, Salhina Kombo, hajafika thelathini.
Andalio langu la kwanza alilirudisha limejaa wino wa kijani:
“Hatua hii dakika ngapi?
Mwanafunzi anafanya nini wewe unaposema?”
Na chini kabisa, herufi ndogo:
“Mwaka ule wa mvua ulimkata baba yangu kilo tatu.
Nilikuwa nimemshika mkono.”

Nilipekua kichwa kama kitabu cha stakabadhi.
Akina Kombo wengi, mvua nyingi,
na sindano, wallahi, ilikuwa sawa.
Nadhani ilikuwa sawa.

Jumatatu, skuli ya Kangagani, darasa la tano,
watoto sabini na wawili, yeye nyuma na fomu yake.
Nimeitundika mizani yangu dirishani.
Kisieni kwanza kwa mkono, nawaambia, kisha tupime.
Muhogo. Kandambili. Jiwe. Mkoba wa mtu aliyekataa.
Chaki yanivunjikia; mkono huu umezoea kulabu.
Dakika ya kumi na mbili maneno yote niliyoyaandaa yamekwisha,
ndipo Mchanga, dawati la mwisho, anauliza:
“Mwalimu, na sindano ikidanganya,
nani anaipima?”

Swali hilo sikulipangia dakika.
Natoa jiwe, natoa muhogo,
naacha kulabu tupu.
Sindano inatetemeka, inatafuta, inatulia
nyuma ya sifuri,
upana wa ukucha.

Labda ni kutu ya miaka hii miwili stoo.
Labda.
Nageukia ubao, naandika polepole,
mwandiko wangu wa stakabadhi:
ukucha mmoja, mara gunia moja.
Mara magunia ya siku. Mara siku za msimu.
Mara kumi na tisa.
“Nani atanihesabia?”

Mikono inapanda, mmoja, sita, ishirini.
Nyuma kabisa, juu ya fomu ambayo haijajazwa,
na wake.