Mizani ya Bi Collinge

Jumatano, Barnsley, mvua inanyea pembeni.
Ukumbi wa kanisa la Wamethodisti.
Viti sitini nimevipanga mimi;
wamekuja watu thelathini na wanne
na mbwa wa Bwana Hinchliffe, mwenye chongo
(chongo ni ya mbwa).

Bi Imogen Collinge anataka kuongoza chama.
Ameshuka treni ya saa nane kutoka London,
viatu vyake bado vikavu.
Karatasi za kura tumeshaletewa na posta.
Yangu imebanwa na sumaku kwenye friji
kati ya ratiba ya takataka na barua ya shule.

Bwana Hinchliffe akasimama wa kwanza.
Alichimba makaa hadi shimo lilipofungwa,
lakini hakuuliza shimo.
Aliuliza basi,
lile la usiku la kwenda hospitali alikolazwa mkewe:
nani aliliondoa, na je, aliwahi kulipanda?

Bi Collinge akaweka mkono kifuani.

    Nimelisikia hilo, na moyoni limegusa,
    nami nitakuwa nalo, kila siku tangu sasa.

Mjomba wangu, kule Korogwe,
alikuwa akinifinya sikio nikizidisha mizani.
Basi nikamsikiliza mama huyu, na Kiingereza chake,
huku vidole vikihesabu ndani ya mfuko:
nane kwa nane. Vina vimekaa.
Hakuna pa kumfinya.

Maureen Haigh hakuanza na neno. Alionyesha pengo.
Jino aliling'oa mwenyewe, jikoni,
kwa koleo ya marehemu mumewe,
baada ya kumngoja daktari wa meno miezi kumi na saba.
"Sitaki pole," akasema. "Nataka tarehe."

    Swali lako ni la haki, na ni zito, nakubali,
    kwa umoja hatuchoki, tutafika, siyo mbali.

Maureen akakaa. Akaandika kitu nyuma ya bahasha.
Nilichungulia: maziwa, mayai, betri.

Kisha Oskar, wa ghala la vifurushi,
bado amevaa kizibao kinachong'aa:
"Leo nimeitwa saa kumi alfajiri,
saa kumi na mbili nikaambiwa nirudi nyumbani.
Nauli yangu. Utafanya nini?"

    Vijana ndio taifa, wao ndio kesho yetu,

"Nimeuliza leo," akasema Oskar,
bila hasira,
kama anayerudisha chenji iliyozidi.
Ubeti ukakatikia hapo. Mbwa akapiga chafya.

Mwenyekiti akatazama saa.
"Swali la mwisho. Mama mwenye koti la kijani."

Ni mimi. Nilikuwa nimeliandika swali langu,
la viza, la ada, la wazee ninaowaogesha
kwa mshahara usiotosha hata sabuni yangu.
Karatasi ilikuwa imelowa. Au niseme kweli: nilighairi.
Nikauliza,
"Ukishindwa, utarudi huku?"

Birika la umeme lilichemka, likajizima.

Akafungua kinywa. Nilimwona anavitafuta vina
kama mtu anayepapasa funguo mlangoni, usiku,
mkoba umejaa vitu vingine vyote.

"Sijui," akasema. "Pengine... hapana.
Sidhani. Ningekuja kufanya nini?"

Mtu akaguna. Msaidizi wake akaiinamia simu.
Mimi nilihesabu kwa mazoea:
haikuwa na mizani yoyote.
Nilitaka kukasirika, nikachelewa.

Mkutano ulipokwisha alibeba viti viwili,
akaviweka kwenye rundo lisilo lake,
honi ikalia nje, akaenda.
Viti nikavihamisha.

Bwana Hinchliffe nilimpeleka hospitali kwa gari langu,
mbwa kiti cha nyuma, vioo vimejaa ukungu wa pumzi zetu.
Hatukuzungumza siasa
hadi kwenye makutano ya barabara.
"Utampigia?"

Taa ilikuwa nyekundu.
Niliitumia yote.