Ripoti Isiyoelemea

Darasa liko juu ya duka la vipuri, nyuma ya stendi ya Moshi.
Tuko kumi na mmoja, wote na magoti mabovu,
wote tunataka cheti cha kuongoza wageni
badala ya kuwabebea.

Swali la nne: Andika kwa Kiingereza ripoti rasmi
kuhusu uzito wa mizigo ya wapagazi mlimani.
Isielemee upande wowote. Maneno mia mbili.

Mwalimu Kundaeli alishatuonya:
kwenye ripoti hakuna "mimi", hakuna "jamani",
kauli iwe ya kutendwa,
na kila "kwa upande mmoja" isubiri mwenzake.

Basi naandika kwamba mizigo hupimwa getini.
Ni kweli. Machame kuna mizani ya kuning'iniza,
kilo ishirini, mshale unatulia, askari anaitikia kwa kidevu.
Kwa upande mmoja, sheria inafuatwa.

Kwa upande mwingine kuna ile kona ya kwanza,
penye miti yenye ndevu,
ambapo mtungi wa gesi hutoka kichakani
ukapata kichwa.
Naandika: mtungi uliongezwa.
Uliongezwa!
Kiingereza cha mtihani kina adabu,
mitungi inaongezeka yenyewe kama ukungu.

Goti la Ndelilio lilionekana kuvimba.
Nafuta "Ndelilio", naandika "mpagazi mmoja".
Nafuta "mmoja", maana si mmoja.

Kampuni nazo zina hoja, sikatai.
Mgeni anataka choo cha kukalia, anataka tikiti maji kambini Shira,
na bei aliyolipa ni ile ile ya mwaka juzi.
Bosi wetu Elinami ana mkopo benki.
Nampa mistari minne.
Minne, na sisi tumepata mitatu.

Viatu vya mwalimu vinalia sakafuni. Dakika kumi.

Nakwama kwenye ngata.
Neno lake silijui, na kamusi imefungiwa kabatini.
Nazunguka: kitambaa kilichosokotwa,
kinachowekwa kati ya kichwa na mzigo
ili mzigo utulie na kichwa kivumilie.
Sentensi nzima imeliwa na neno moja.
Nausoma ukurasa tangu juu.
Wote umesokotwa hivyo hivyo.

Mapendekezo: iwekwe mizani ya pili, baada ya kona.
Iwekwe na nani, swali halikuuliza.

Nahesabu kwa ncha ya kalamu, nahesabu tena.
Mia moja tisini na saba.
Yamebaki matatu,
na chini, barabarani, fundi anagonga rimu
ting, ting, kama anayenisubiri.

Nayaandika yote matatu, kwa wino, bila kufuta.
La kwanza ni lile alilolikataza Mwalimu Kundaeli.