Siki ya Katana

Ukurasa wa kwanza hauna jina la mtu, una ng'ombe:
jike, mweusi, baka jeupe kwenye paji.
Alipelekwa kwa mwami kuwa kalinzi,
ikarudi kamba tupu,
na ndani ya kitanzi chake, kilima.

Chini yake, kwa wino wa zambarau:
"Migomba 40. Kahawa mistari 6. Mzabibu 1."
Huo mmoja ni wa wizi.
Babu Cirhuza alipogolea miti ya mzungu
waliyemwita Bwana Kikohozi,
ambaye alileta vipandikizi kutoka kwao
vimeviringishwa kwenye gunia bichi kama vitoto vya mbwa.
Jioni askari wa shamba alipapasa mifuko,
hakupapasa buti.
Babu akaichukua Ulaya kwa mguu wa kushoto,
akichechemea hadi nyumbani.

Akaupanda ubavuni mwa zizi.
Ukala samadi, ukanenepa majani.
Lakini mvua ya kwetu haijui kupumzika:
zabibu nyingine zilioza zingali kijani,
na zilizoiva zilimkunja uso kila aliyezionja.
Mwaka wa Uhuru alizikamua hivyo hivyo,
akajaza chupa saba, akavaa koti,
akampelekea padri kwa ajili ya misa.
Padri akaonja.
Akafumba jicho moja.
"Cirhuza, damu ya Bwana haina ukali huu.
Mkeo ana kabichi?"

Hapo mwandiko unabadilika.
Koko Nabintu hakusoma sana,
herufi zake zimesimama mbalimbali
kama watu waliogombana,
ila hesabu zake hazina futo hata moja.
Kasiksi ikabaki ya harusi na ya kuombana radhi,
siki ikawa ya ada ya shule.
Iliwasomesha watatu.
"Chupa 12, Mwalimu Zihindula, deni."
Mwalimu amekwisha kufa,
deni halijafa.

Kisha kurasa nne tupu.
Nilidhani ni unyevu umezishikamanisha, nikazipekua kwa kisu.
Shangazi Nsimire akanizuia mkono:
"Wacha. Huo ni mwaka wa tisini na sita."
Watu walipita usiku na mchana,
migomba ikakatwa kuwa malalo,
nguzo za mzabibu zikawa kuni,
na mitungi yote ya siki ikaishia
kwenye miguu iliyochubuka ya wapita njia.
Koko hakuandika.
Kuna vitu, alisema, ukivihesabu umeviuza.

Migomba iliyochipuka tena ikaja kuugua,
ukiikata inatoa usaha wa manjano.
Baba mdogo Mushagalusa hakungoja dawa.
Kamba nyingine ikapita shambani,
hii haikuwa na ng'ombe.
"Parseli 1. Parseli 2. Parseli 3, mwenyewe yuko Bukavu."
Mabati ya bluu yakashuka hadi karibu na ziwa,
na zizi likawa choo cha mtu nisiyemjua.

Ukoo ulikaa kikao siku nzima.
Binti, walisema, atakibeba kilima kwa wakwe.
Wakagawana kilichobaki,
mimi wakanipa daftari
kwa kuwa halilimwi.

Nimeshuka nalo Kadutu, kwenye mteremko
ambako nyumba hulala zimeshikana mikono
zisije zikaporomoka.
Ndani ya mwavuli nilificha kipandikizi.
Hakuna aliyenipapasa; nusura nisikitike.
Sasa kimo ndani ya bidoni ya njano iliyokatwa shingo,
na juzi kikono chake kimoja kimeukamata
waya wa jirani,
usio na umeme tangu Jumanne.

Naandika kwa bluu: "Mzabibu 1."
Nasita. Nasikia mvua ikianza bondeni.
Halafu, chini ya deni la Mwalimu Zihindula:
"Kabichi. Kuulizia bei."