Daftari la Rundo

Endel amefundisha hesabu miaka thelathini na minane
hapa Tartu, na haamini kitu kisicho na daftari.
Hili ni la rundo lililo nyuma ya nyumba:
majani ya mwaloni, unga wa mbao,
katoni alizozichana kwa mkono mmoja mmoja.
Septemba ya juzi, nyuzi kumi na moja.
Septemba ya jana, nyuzi kumi na moja.
"Leida," aniambia, "subira huvuta heri."

Mimi nimekulia zizini.
Najua kilicholala na kilichoshinda njaa.
Kikavu juu ya kikavu, hata koo hukataa.

Basi Jumanne, yeye akiwa kwenye sataranji,
nikaenda kwa Triinu, mgahawa wa stesheni,
nikarudi na ndoo ya machicha ya kahawa,
bado vuguvugu, kama tumbo la paka.
Kesho yake nyasi za Kaupo, mbichi, zanukia tikiti.
Kisha samadi ya kuku. Kisha ule mto wa manyoya
tulioachiwa na mama yake;
niliuchana kwa kisu cha samaki
na sikumwomba mtu ruhusa.
Na usiku, haya, niseme:
ndoo yangu ya chumbani,
kikombe kimoja kwa vikombe kumi vya maji.

Siku ya tatu harufu ikapanda hadi dirisha la jirani,
kali, ya kutoa machozi. Nilizidisha.
Nikarudisha majani makavu, nikageuza kwa uma,
nikageuza tena, mgongo ukinilaani.

Nyuzi thelathini na nne.
Hamsini na mbili.
Sitini na moja, na Endel anagongagonga kipimajoto,
anakipuliza, anakwenda kununua kingine.
Sitini na moja.
Akaandika: *Subira*, akapiga mstari chini yake.
Nami nikaendelea kumenya viazi.

Theluji ya kwanza ilianguka kila mahali isipokuwa pale.
Rundo lilifuka peke yake kama sufuria iliyosahauliwa.
Alipochoma uma ndani, unyoya mmoja mweupe
ukapanda na mvuke, ukamtua begani.
Aliutazama. Akanitazama.
Akautia katikati ya kurasa, asiseme neno.

Usiku wa manane nikasikia mlango wa nyuma.
Nikachungulia: mwalimu wa hesabu,
kofia ya sufi, buti bila soksi,
ameigeuzia nyumba mgongo,
anachangia.