Sita, Tatu, Nane

Wiki ya kwanza nilipewa tambara na ndoo ya maji.
Nilikuja na sketi iliyopigwa pasi,
barua ya chuo yenye muhuri wa zambarau,
na nadharia za mihula minne kichwani.
Bi Kalunde akaisoma barua, akaikunja mara mbili,
akanionyesha rafu za chini, za dirisha la upande wa Cheyo,
ambako kiangazi cha Tabora huingia bila kitambulisho
na kulala juu ya vitabu, chekundu, laini.
"Anza hapo. Mkutubi asiyelijua vumbi lake
hajui nani kapita."

Nikafuta.
Vumbi lilikuwa na alama za vidole.

Kisha gundi ya ngano, kisha uzi na sindano,
kitabu cha fizikia kilichovunjika mgongo
kwa kufanywa mwavuli mvua za Machi.
Kisha kusikiliza; hili halikuwa kwenye muhtasari wowote.
Wa mwaka wa kwanza haulizi. Husimama mbele ya meza
akichezea kifuniko cha kalamu,
anataka "kile kitabu kinene",
na ukicheka, hata kwa macho tu,
hutamwona tena hadi mahafali.

Ndipo akaja Mihayo, mtu mzima, mtu wa Sikonge,
mizinga arobaini nyumbani, cheti cha nyuki bado akikisaka.
Jina la kitabu hakulijua. Mwandishi hakumjua.
"Kina picha ya malkia, na ukurasa umenata.
Niliunatisha mimi, mwaka jana. Mnisamehe."

Kompyuta ikasema: kipo.
Daftari la usajili, kwa wino wa bluu, likasema: kipo.
Rafu ikanionyesha pengo la vidole viwili.

Siku tisa alikuja. Siku tisa nikamwambia kesho.
Nilipekua kapu la marejesho, chumba cha magazeti,
uvungu wa ngazi ambako mchwa wana maktaba yao.
Nikamshuku kila aliyevaa koti.
Umeme ukikatika nilisoma migongo kwa tochi ya simu,
kama mtu anayechambua mchele gizani.

Siku ya kumi nikakikuta,
mia tatu sitini na nane,
katikati ya vitabu vya bima,
kimekaa kwa adabu
kama mgeni aliyeshushwa kwenye msiba usiomhusu.
Sita, tatu, nane.
Tatu, sita, nane.
Na kwenye kikaratasi cha marejesho, tarehe ya wiki yangu ya kwanza
na mwandiko wangu, ule wa kujiamini.

Hakuna aliyeniona. Ningeweza kukirudisha kimyakimya.
Nilikwenda kwa Bi Kalunde, koo limekauka.
Alikuwa anagonga mihuri; hakuinua kichwa.
"Changu kilikaa mwaka na nusu.
Cha ukunga. Nilikitia kwenye ufundi saa."
Akagonga.
"Yule dada aliyekitaka hakurudi kuuliza."
Akagonga tena, pasipo karatasi.

Mihayo alikifungua palepale mezani.
Kurasa mbili zikaachana kwa mlio mdogo,
na kwa kitambo, kati ya kaunta na feni iliyosimama,
pakanukia miombo.
Sikumficha. Nilimwambia ni mimi.
Akanitazama kama anavyotazama, nadhani, mzinga mtupu:
bila hasira, akipima kama nyuki watarudi.
Keshoye aliniletea asali kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.

Ijumaa mwalimu wetu alifika kwa basi la usiku,
akakaa saa moja, akadai daftari la fildi.
Mahali pa "Ujuzi uliopatikana" pana mistari mitatu.
Nikaandika: kupanga vitabu kwa mfumo wa tarakimu.
Akatia vema, akauliza chai iko wapi.

Sikuandika kwamba sasa, nikishika kitabu,
namba yake naisoma mara mbili, kwa sauti,
kama mtu anayemrudisha mtoto wa watu kwao usiku
na hataki kukosea mlango.