Bakaa

Juni, Mbeya. Ukungu wa Loleza umeshuka mpaka dirishani,
umesimama pale kama mtu mwenye hati isiyo na saini.
Sisi wa Hazina Ndogo tunavaa koti juu ya koti,
na Bi Atuganile wa masijala ana jiko la mkaa chini ya meza
ingawa upo waraka unaokataza,
na waraka huo aliupokea yeye, akaugonga muhuri,
akaupa namba ya folio.

Watu hudhani Wizara ni chumba chenye pesa.
Mjomba wangu wa Isyonje hunitazama mifukoni
kabla hajanipa kiti.
Mjomba, mimi pesa sijawahi kuiona.
Naona jina lake likipita.
Bunge limeshaitamka, Dodoma imeshaikata vipande,
Kamishna na kisu chake cha bajeti, Mlipaji Mkuu na kalamu,
mpaka inifikie mimi niliye na foleni tu
na kompyuta inayokohoa.

Fungu huzaa kifungu, kifungu huzaa kasma,
na kasma haiazimi jirani chumvi.
Shilingi ya daraja hainunui dizeli,
hata kama dizeli ndiyo ingezibeba nguzo za daraja.

Usicheke. Sheria ina sababu.
Mwaka mmoja, kabla sijaajiriwa,
nyumba ya mtu ilipata vigae kwa fedha za chanjo.
Ndiyo maana saini ni tano.
Ndiyo maana mkaguzi hunywa chai yake peke yake.

Tarehe ishirini na saba zikaingia
fedha za daraja la Mwashoma, kule Umalila,
zilizosubiriwa tangu Oktoba.
Bi Lusekelo Mwashitete, mtendaji wa kata,
alifika na hati kifuani, ndani ya mfuko wa sukari,
viatu mkononi.
Nikakagua. Tarakimu moja ya kasma, saba badala ya moja.
Nikamrudisha.
Saba badala ya moja!
Alipanda lori la viazi, akalala njiani, mkandarasi akasaini upya
kwenye boneti ya gari, wino ukaganda kwa baridi.

Thelathini Juni, saa sita usiku, mfumo hufunga mlango.
Hauna mikono, lakini hufunga.
Kila kilichobaki hurudi kilikotoka,
na kwenye kioo changu ikasomeka:
bakaa, sifuri.
Mwaka mzima tunafundishwa kuipenda sifuri hiyo.

Alifika asubuhi ya Julai mosi, saa mbili kasoro.
Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.
"Zimerudi?"
"Zimerudi, mama. Tutaomba tena."
Akafunga mfuko wake wa sukari, fundo la kwanza, la pili.
"Zimepita wapi? Maana sisi, kurudi kwetu,
mto umejaa."

Bi Atuganile akachochea mkaa ambao ulikuwa haujazimika.

Nimeandika barua ya maombi mapya. Nimeipa kasma sahihi,
nimeisoma mara nne, kidole juu ya kila tarakimu.
Itapanda, itashuka, ndiyo kazi yake.
Pareto ya Umalila inakauka magunia yakingoja ng'ambo.

Ile hati ya kwanza ipo bado kwenye faili.
Ukiifungua hudondosha udongo mwekundu kidogo mezani.
Sijaupangusa.
Nimetafuta kitabu kizima cha vifungu;
hauna pa kuandikwa.