Kidonge cha Saa Mbili

Mama mkwe huwategea panya ghalani
unga wa bluu kwenye kigae.
Panya hafi palepale. Hutembea siku tatu,
hunywa maji, hurudi kwenye mahindi,
mpaka damu yake isahau kuganda.

Nesi Tumpege alinieleza akipunguza sauti:
"Dawa yako na ile ni ndugu,
mama mmoja, baba mbalimbali.
Usiiogope. Ila usiizoee."

Koo ndilo lililoanza, nikiwa darasa la tatu.
Nilisukutua maji ya chumvi, likapoa;
kumbe lilihamia moyoni.
Sasa nina mlango wa chuma kifuani.
Mvua ya Tukuyu ikikatika usiku, husikika:
ta, ta, ta.
Asangalwisye husema ameoa saa ya ukutani.

Kidonge kikipungua, damu huganda mlangoni
kama utando juu ya maziwa.
Kikizidi, naamka na ladha ya chuma kwenye fizi,
na kijiti kimoja cha mchai kikinikwaruza, kule Katumba,
kapu zima hubaki na alama za vidole vyangu.
Msimamizi aliuliza nani kachinja kuku.

Kila mwezi naondoka alfajiri kwenda Mbeya
kusomewa namba yangu, kama matokeo ya mtihani.
Masika iliporomoka: nilikula majani ya maboga wiki nzima,
bustani imefurika, ningekataaje?
"Kula," daktari alisema, "lakini kwa kipimo kilekile."
Kipimo!
Kwetu mboga hupimwa na mvua.

Leo hakuuliza mboga.
Alitazama cheti, akamtazama Asangalwisye,
akauliza mara ya mwisho niliona lini siku zangu.
Nikasema nimechelewa siku tisa.
Kalamu ikasimama.

"Kidonge hiki kinakujua wewe," akasema.
"Yeye hakimjui."

Tumerudi kimya, magunia ya viazi miguuni,
na sindano za tumboni ndani ya kitenge,
asubuhi moja, jioni moja,
na karatasi ya kurudi Jumatatu, tuamue.
Tuamue nini, hakuna aliyetaja.

Saa mbili imefika.
Mkono wangu, kwa mazoea ya miaka sita,
umekwenda kwenye kopo, umelitikisa.
Asangalwisye kainua kichwa.
Nimelirudisha juu ya kabati.

Ta, ta, ta, mlango unasema,
na chini yake
mtu ambaye bado hajabisha hodi.